Mtoto Ana Homa na Hakanyagi

Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 uliiweka Tabora mahali ambapo hakuna mkoa ungependa kuwekwa: juu kabisa ya orodha. Kati ya kila watoto 100 wa mkoa huu wenye umri wa miezi 6 hadi 59, takriban 23 walikutwa na vimelea vya malaria, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 8. Kwa hiyo mama wa Goweko anapofika zahanati na mtoto anayechemka, swali la kwanza linajulikana hata kabla hajakaa kwenye benchi. Mtoto anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika kama 15 mistari miwili inaonekana. Mama anapewa dawa mseto, anaelekezwa jinsi ya kumpa mtoto, anarudi nyumbani.

Mara nyingi hiyo ndiyo huduma sahihi, na dawa mseto imeokoa watoto wasiohesabika katika ukanda huu. Lakini yupo mtoto ambaye mistari hiyo miwili inamwekea pazia. Ana homa kama wenzake. Kipimo chake kinasema malaria kama cha wenzake. Tofauti yake ni moja, tena ndogo kiasi kwamba mama asipoisema na mhudumu asipoiuliza itapita hivihivi: tangu juzi hakanyagii mguu wa kushoto.

Mtoto huyo huenda ana bakteria ndani ya mfupa, au ndani ya kiungo, au kote kuwili. Ugonjwa wenyewe unatibika. Dawa zake zimekuwapo kwa miongo mingi na si za ajabu. Kinachomponza mtoto ni siku zinazopotea kabla mtu hajaushuku, na ndiyo maana makala haya yanahusu utambuzi zaidi kuliko tiba.

Goweko ni kata ya Wilaya ya Uyui na ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912, wakifuata kwa sehemu kubwa ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikapumzika Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Unyanyembe. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, iko Tabora mjini. Hospitali ya misheni ya Nkinga iko Wilaya ya Igunga. Bugando iko Mwanza, zaidi ya kilomita 300 kutoka Tabora. Mtu wa mjini akiambiwa mtoto wake apigwe picha, anapanda bajaji. Wa Goweko anauza kuku, anasubiri usafiri, anamwachia jirani watoto wengine, na huenda siku mbili zikapita kabla hajaondoka. Umbali huo ndio unaoyapa macho na mikono ya mhudumu wa zahanati thamani kubwa kuliko mashine yoyote iliyoko mbali.

Ugonjwa huu huanza kimyakimya. Mfupa wa mtoto unakua, na karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka laini ambalo ndilo linalourefusha. Jirani na tabaka hilo mishipa midogo ya damu hujikunja na kurudi ilikotoka, na damu hupita humo polepole. Bakteria walioingia kwenye damu kupitia kidonda cha funza, upele uliokunwa, jipu au koo, wakifika kwenye kona hizo hupata nafasi ya kutulia na kuzaana. Mwisho wa mfupa wa paja, juu ya goti, na mwanzo wa mfupa wa muundi, chini ya goti, ndipo wanapotua mara nyingi zaidi. Usaha unajaa ndani ya kitu kigumu kisichoweza kutanuka. Shinikizo linapanda, na hayo ndiyo maumivu yanayomfanya mtoto asitake hata shuka lipite juu ya mguu. Baadaye usaha hupenya gamba la mfupa, huuinua utando unaoufunika, hukata damu inayoulisha, na kipande cha mfupa kinakufa kingali ndani ya mwili.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 mambo huenda haraka zaidi. Mishipa yake midogo bado inavuka lile tabaka la ukuaji, kwa hiyo bakteria hufika kwa urahisi hadi kwenye kiungo. Nyonga na bega ndizo za kuogopwa hasa, kwa kuwa pale sehemu ya mfupa inayoshambuliwa imo ndani ya mfuko wa kiungo wenyewe. Usaha ukikaa kwenye nyonga huila gegedu, ile sehemu laini inayofanya mifupa iteleze bila kusuguana, na shinikizo lake huweza kuzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Madaktari huhesabu muda wa nyonga yenye usaha kwa saa, hawasubiri wiki. Na karibu nusu ya watoto wote wanaopata maambukizi ya mfupa kwa njia ya damu ni wa chini ya miaka 5, umri ambao mtoto hawezi kueleza anaumwa wapi.

Hawezi kueleza kwa maneno, lakini mwili wake unaeleza. Uchunguzi mzuri huanza kabla mtoto hajaguswa. Mwache mapajani kwa mama yake na umtazame. Ukimpa kitu, anakipokea kwa mkono upi, na ule mwingine unafanya nini? Ukimsimamisha, anaukunja mguu mmoja? Mtoto aliyekuwa akitembea amerudi kutambaa? Aliyekuwa akikaa sasa analia akikalishwa? Huyo wa mwisho tatizo lake huenda liko kwenye uti wa mgongo au mifupa ya kiuno, na ni rahisi sana kumpita kwa sababu miguu yake yote miwili inaonekana mizima.

Kichanga ana njia zake. Huenda asiwe na homa kabisa. Ananyonya kwa uvivu, analia kila anapobadilishwa nepi au anapofungwa mbeleko, na mkono mmoja umelala tu ubavuni wakati mwenzake unacheza. Mara nyingi bibi ndiye anayeliona hili kwanza, kwa kuwa ndiye anayemwogesha. Mhudumu akimuuliza bibi swali moja la wazi, "Bibi, unapomwogesha kuna mahali hataki ushike?", anaweza kupata taarifa ambayo maabara haiwezi kumpa.

Kisha mikono. Mikono iwe imepashwa moto, na ianzie upande mzima ili mtoto asikatae mapema. Kidole kimoja kipite taratibu juu ya mfupa. Kama tatizo ni la mfupa, kutakuwa na mahali pamoja ambapo mtoto atashtuka, karibu na kiungo lakini si kwenye kiungo chenyewe, na mara nyingi kiungo hicho kitakubali kukunjwa kidogo ukiwa mpole. Kama tatizo ni la kiungo, hata kukisogeza kidogo tu hakukubaliki. Goti lenye usaha huonekana: limevimba, lina moto, ngozi inang'aa. Nyonga haionekani. Imefunikwa na nyama nene, hivyo hakuna uvimbe wala wekundu. Mtoto analala mguu ukiwa umekunjwa na umegeukia nje, kwa kuwa hapo ndipo mfuko wa kiungo unapopata nafasi, na ukijaribu kuunyoosha analia. Mkubwa kidogo anaweza hata kukuonyesha goti, kwa sababu neva za nyonga hupeleka maumivu huko. Mtoto anayelalamikia goti na goti lenyewe likaonekana zima, achunguzwe nyonga. Laiti kanuni hiyo ingebandikwa ukutani katika kila chumba cha tabibu.

Hapo kuna jambo la pili la kutenganisha. Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015, na hadi leo mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayepooza kiungo ghafla hutolewa taarifa haraka. Ni sawa kabisa. Ila mguu uliopooza huwa legevu, unaning'inia. Mguu wenye usaha hukakamaa kwa kujilinda, na mtoto hupiga kelele ukiusogeza. Watoto wote wawili hawatembei, lakini huyu wa pili anahitaji kufika kwa daktari wa upasuaji kabla jua halijazama.

Haya si mambo ya hospitali kubwa peke yake. Chati za Shirika la Afya Duniani za kuhudumia mtoto mgonjwa, toleo la 2014, zinamtaka mhudumu amtafutie kila mtoto mwenye homa chanzo cha bakteria, na miongoni mwa dalili zilizotajwa humo ni kukataa kutumia kiungo na uvimbe wenye moto na maumivu. Swali lipo kwenye mwongozo. Linakufa kwenye foleni, pale mhudumu mmoja anapokuwa na watoto 60 wa kuwaona asubuhi na kipimo kimempa jibu kabla hajauliza.

Nchi hii ina ushahidi wa muda mrefu juu ya mtego huo. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria na ambao damu yao ilisomwa upya kwa hadubini, waliokuwa na vimelea hawakufika nusu. Muhimbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa, na karibu 14 kati ya kila 100 walikuwa na bakteria kwenye damu. Waliokuwa na bakteria walikufa zaidi ya theluthi moja, wakati wenye malaria walikufa kama mmoja kati ya watano. Ni takwimu za miaka iliyopita, kabla vipimo vya haraka havijaenea vijijini, lakini zinaeleza vizuri jinsi ugonjwa mmoja mashuhuri unavyoweza kumeza mingine.

Tabora mtego umegeuka sura. Hapa kipimo kikisema malaria, mara nyingi kimesema kweli. Lakini kweli hiyo haitoshi. Kwenye maambukizi mengi kiasi hiki, mtoto anaweza kubeba vimelea siku nyingi bila homa, kisha akapata homa kwa sababu nyingine kabisa. Tena kipimo cha haraka kinachotumika sana hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, hivyo aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuonyesha mistari miwili leo. Na lipo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: malaria humfungulia mlango bakteria aitwaye salmonela. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria hushambuliwa kirahisi na salmonela wa aina isiyo ya homa ya matumbo, naye hupitia kwenye damu hadi kwenye viungo. Blantyre, Malawi, daktari wa mifupa Christopher Lavy na wenzake walichapisha mwaka 2005 habari za watoto 204 waliokuwa na usaha kwenye viungo. Salmonela ndiye aliyeongoza, hasa kwa watoto wachanga. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humtaja kwanza stafilokokasi, bakteria wa majipu, na kwa watoto wakubwa wa Afrika naye yupo sana. Kwa hiyo malaria na mguu usiokanyaga si majibu mawili ya kuchagua moja. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na atibiwe vyote viwili.

Nyumbani kuna mitego mingine. Wa kwanza ni neno "alianguka". Mtoto gani wa miaka miwili hajaanguka wiki hii? Wazazi wanakumbuka kuanguka kwa sababu wanatafuta sababu, na wakati mwingine kugongwa kidogo kweli hutangulia maambukizi. Lakini mguu uliogongwa tu hauleti homa kali, na haumalizi siku nne ukizidi kuuma. Basi mtoto anapelekwa kwa mtu anayejua kuchua, anakandwa kwa maji ya moto, anapigwa chale juu ya uvimbe. Sina ugomvi na anayemchua mtoto kwa upendo. Ila mfupa wenye usaha hauchuliwi, na wembe juu ya uvimbe huo unaongeza mlango wa bakteria wengine. Mtaalamu wa tiba asili anayeheshimiwa kijijini anaweza kumwokoa mtoto kwa sentensi moja: "Huyu ana moto, mpelekeni hospitali kwanza."

Mtego mwingine uko dukani. Amoksilini ya kununua, vidonge sita au kumi, hushusha homa kwa siku mbili. Stafilokokasi wengi wanaivunja dawa hiyo na kuendelea na kazi yao ndani ya mfupa. Mtoto anapofika hospitali, homa iko chini, damu iliyooteshwa haioti kitu, na daktari ananyimwa ushahidi aliouhitaji. Dawa nusu ni mbaya kuliko hakuna dawa, kwa ugonjwa huu.

Tuseme sasa mama amefika Kitete siku ya tatu. Mtoto anapigwa picha ya eksirei na picha inatoka safi. Hapa ndipo familia nyingi hupumua na kurudi nyumbani, na hapa ndipo pa kusimama imara. Eksirei haioni usaha. Inaona mfupa uliokwisha kupoteza madini yake, na mfupa huchukua siku 10 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla hasara hiyo haijaonekana. Picha safi ya siku ya tatu inatuambia kwamba mfupa haujavunjika, na hilo ni jambo la maana. Haituambii kwamba hakuna maambukizi. Anayesubiri picha ibadilike ndipo atibu, anasubiri mfupa uharibike ndipo aamini.

Ultrasaundi husaidia mapema zaidi, hasa kwenye nyonga, kwa kuwa huonyesha maji yaliyojaa kwenye mfuko wa kiungo. Haisemi kama maji hayo ni usaha, lakini humwonyesha daktari pa kuingiza sindano. Picha ya MRI ndiyo inayoona vizuri kuliko zote ndani ya siku za mwanzo. Kwa mtoto mdogo huhitaji usingizi wa dawa ili atulie, na kwa mtoto wa Goweko huhitaji safari ndefu. Safari hiyo isimcheleweshe kuanza matibabu pale dalili zinapojieleza.

Damu nayo ina mengi ya kusema. Protini iitwayo CRP hupanda ndani ya saa chache za maambukizi na hushuka haraka mtoto anapopona, hivyo inafaa kwa kugundua na kwa kufuatilia. Kasi ya chembe nyekundu kuzama, ESR, hupanda taratibu na kushuka taratibu. Mwaka 1999 Mininder Kocher na wenzake wa Boston, Marekani, waliweka pamoja dalili nne za kutenganisha nyonga yenye usaha na ile iliyovimba kwa muda tu na kupona yenyewe: homa ya zaidi ya nyuzi 38.5, kushindwa kukanyaga, ESR ya zaidi ya 40, na chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000. Kadiri zinavyoongezeka ndivyo shaka inavyogeuka kuwa hakika. Kipimo hiki kimeenea duniani na kinafaa kujulikana, lakini kilitengenezwa kwa watoto wa Boston. Mtoto wa Uyui mwenye upungufu wa damu atakuwa na ESR ya juu hata bila usaha. Mwenye seli mundu anaweza kuwa nayo ya chini hata akiwa na usaha. Namba zisomwe pamoja na mtoto.

Mtoto mwenye seli mundu anastahili nafasi yake mwenyewe hapa. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka, na wengi wa vijijini hugundulika wakiwa tayari wameumwa mara kadhaa. Mifupa yao huuma bila bakteria yoyote, pale chembe zilizopinda zinapoziba mishipa midogo. Kati ya miezi 6 na miaka 2 vidole vya mikono na miguu huvimba vyote kwa pamoja, na familia nyingi hukutana na ugonjwa kwa mara ya kwanza hapo. Maumivu ya kuziba kwa damu ni ya mara nyingi zaidi kuliko maambukizi, na hayo hushika sehemu kadhaa, kisha hupoa ndani ya siku chache kwa maji na dawa za maumivu. Maambukizi hupendelea mahali pamoja, homa inabaki juu, uvimbe unaongezeka. Lakini mpaka kati yao una ukungu hata kwa mabingwa wenye kila mashine, na salmonela anaupenda sana mfupa wa mgonjwa wa seli mundu. Kwa hiyo kila mtoto mwenye maambukizi ya mfupa apimwe seli mundu kama hajapimwa, na kila mwenye seli mundu ambaye homa na maumivu ya mahali pamoja havitulii achunguzwe kama mwenye maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Mwisho wa ubishi wote huo ni sindano. Usaha ukivutwa kutoka kwenye kiungo, au kutoka chini ya utando wa mfupa, swali limejibiwa. Chini ya hadubini unaweza kumwona bakteria siku hiyohiyo, na ukioteshwa utajulikana ni nani na dawa gani inamuua. Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Pale Beer-Sheva, Israeli, Pablo Yagupsky na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba majimaji ya kiungo yakiwekwa ndani ya chupa za kuoteshea damu, badala ya kupakwa kwenye sahani ya maabara peke yake, hujitokeza bakteria aliyekuwa akijificha, kingela. Huyu huishi kwenye koo za watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 4, huleta homa ndogo, na mtoto haonekani kuumwa sana. Ujanja huo wa chupa hauhitaji mashine mpya mahali ambapo damu tayari inaoteshwa.

Chanjo nazo zimepunguza maadui. Tanzania iliingiza kinga ya bakteria wa Hib ndani ya chanjo ya pentavalenti mwaka 2009, na kinga ya nimokokasi ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2013. Wote wawili walikuwa wakiingia kwenye viungo vya watoto. Kadi ya kliniki iliyojazwa barabara ni sehemu ya utambuzi pia, kwa kuwa humwambia daktari nani wa kumshuku kidogo. Na pale ugonjwa unapokwenda taratibu, wiki hata miezi, homa ikiwa ndogo na mgongo au nyonga ikiharibika polepole, kifua kikuu cha mifupa kifikiriwe, na historia ya kikohozi nyumbani iulizwe.

Tiba yenyewe ni kuondoa usaha na kutoa dawa sahihi, kwanza kwa mshipa, kisha kwa mdomo. Mwongozo wa mfukoni wa Shirika la Afya Duniani kwa hospitali huelekeza wiki 3 kwa kiungo na wiki 5 kwa mfupa. Homa hupotea mapema sana kabla ya hapo, mtoto anacheza, na mzazi anaona hakuna haja ya kumaliza. Muuguzi anayemruhusu mtoto kwenda Goweko na chupa za dawa za wiki nne anapaswa kumketisha mama na baba na kuwaeleza kwa nini.

Wasipoelezwa, au wakichelewa tangu mwanzo, mfupa hauusahau ugonjwa. Watu wa Tabora wana mfano mkononi. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyekaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, alishambuliwa na simba kusini mwa Afrika mwaka 1844 na mfupa wa mkono wake wa kushoto haukuunga vizuri. Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake wakapita Unyanyembe hadi pwani, na London mwaka 1874 daktari William Fergusson aliutambua kwa alama ile ya mfupa, miaka 30 baadaye. Mtoto ambaye usaha wake haukutolewa hubeba alama ya namna hiyo akiwa hai: kitundu kwenye ngozi kinachotoa usaha mwaka hadi mwaka, kipande cha mfupa mfu ambacho wapasuaji hulazimika kusubiri mfupa mpya ukizunguke ndipo wakitoe ili mguu usivunjike, mguu mmoja uliobaki mfupi kwa sababu tabaka la ukuaji liliharibika. Mtoto huyo anakuwa mtu mzima anayechechemea kwenda shamba la tumbaku, na kijiji kinasema alizaliwa hivyo, au alirogwa.

Sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo. Nauli haimo kwenye sera, wala chakula cha mama aliyelala wodini wiki mbili. Halmashauri ya Uyui ikiweka mafuta ya gari la wagonjwa kwa ajili ya mtoto mwenye homa asiyetumia kiungo, kama inavyofanya kwa mama mwenye uchungu pingamizi, itakuwa imenunua miguu mizima kwa bei ndogo.

Na kwenu wauguzi wa kliniki za Goweko, Igalula, Kigwa na Tura, mnaozungumza na akina mama kabla ya kupima uzito: ongezeni sentensi moja kwenye somo la asubuhi. Mtoto mwenye homa akikataa kutumia mkono au mguu, mlete siku hiyohiyo, na utuambie hivyo kabla hatujampima malaria.